Shaka ya Mtunzi wa Bara: Historia Itazamwayo Kutoka Kitai

Barabara itokayo Songea kwenda Mbinga, ifikapo Kitai, hutoa tawi linaloshika njia ya Ruanda hadi Lituhi, kwenye ufukwe wa Ziwa Nyasa. Wasafiri wengi wanaijua Kitai kwa gereza lake na, tangu uchimbaji wa Ngaka ulipoanza, kwa malori ya makaa ya mawe. Mwanaisimu huijua kwa sababu nyingine. Hapo lugha kadhaa zenye udugu hukutana kituoni: Kimatengo cha milimani kwenye mashamba ya ngoro, Kingoni cha upande wa Songea, na Kimanda, Kimpoto na Kinyanja zipandazo kutoka ziwani pamoja na magunia ya usipa. Malcolm Guthrie, alipozipanga lugha za Kibantu, alizitia zote katika ukanda wa N. Kiswahili hakimo, chenyewe alikiweka katika ukanda wa G. Hata hivyo Kiswahili ndicho kinachowasikilizanisha watu wa kituo hicho, na ndicho ambacho mtoto wa Kitai, aliyeamkia Kimatengo au Kingoni jikoni kwa mama yake, hukabidhiwa shuleni kwa ajili ya kuandikia.

Swali linalochunguzwa hapa linachipuka katika hali hiyo. Kila mtunzi, awe wa wapi, hupatwa na shaka. Hutazama alichokiandika jana na kukiona hakifai. Hujiuliza kama analo la kuwaambia watu. Franz Kafka, aliyefariki mwaka 1924, alimwagiza rafiki yake Max Brod achome miswada yake yote, na ulimwengu unamsoma leo kwa kuwa Brod hakutii. Shaka ya namna hiyo ni sehemu ya kazi yenyewe na haina utaifa. Iko, hata hivyo, shaka ya pili, ambayo katika fasihi ya Kiswahili imechanganywa na ile ya kwanza kwa muda mrefu mno. Hiyo haiulizi "Je, ninalo la kusema?" bali "Je, lugha hii ni yangu hata niitungie?" Shaka ya kwanza ni ya nafsi. Ya pili ilitengenezwa, tena na watu na taasisi zinazojulikana kwa majina, katika miaka inayoweza kutajwa. Kijana wa Kitai anayeficha daftari lake la mashairi chini ya godoro aghalabu hudhani anaugua ile ya kwanza, kumbe amerithishwa ya pili.

Ni vyema kuanza na pwani, kwa sababu huko shaka ya mtunzi ilikuwa na adabu yake zamani sana kabla ya shule. Msomaji wa tenzi anaijua desturi hiyo. Mtunzi hufungua kwa jina la Mungu na kuomba msaada wa kazi iliyo mbele yake, mara nyingine akiagiza aletewe wino na karatasi. Afikapo mwisho hujitaja, hutaja ukoo wake, kisha huomba radhi kwa yaliyopungua au kuzidi na kuwapa wajuzi ruhusa ya kusahihisha. Wahakiki wengi wamelichukua ombi hilo kuwa ni unyenyekevu wa kimapokeo tu, na kwa kiasi fulani ndivyo lilivyo. Lakini jambo likiwa la mapokeo halikosi kazi. Desturi hiyo ilimpa mtunzi mahali palipotengwa pa kuiweka shaka yake, yaani beti chache za tamati, ili isisambae katika utenzi mzima. Aliyesema mwishoni "nimekosea, nirekebisheni" alikuwa huru kutokusema hivyo katika beti mia tano zilizotangulia. Aidha, kosa halikuwa aibu ya mtu mmoja. Lilikuwa mali ya jamii ya wasomaji na wanakili, ambao kwa kweli walisahihisha, wakaongeza, wakapunguza, na ndiyo maana hati za utenzi mmoja hutofautiana kiasi cha kuwasumbua wahariri hadi leo.

Adabu hiyo ilivunjwa na kitu ambacho hakikukusudiwa kuivunja. Mwaka 1925 ulifanyika mkutano wa elimu Dar es Salaam ulioazimia kuwapo kwa Kiswahili cha namna moja mashuleni. Mwaka 1928, huko Mombasa, lahaja ya Kiunguja ilichaguliwa kuwa msingi. Tarehe 1 Januari 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya nchi nne za Afrika Mashariki: Kenya, Uganda, Tanganyika na Unguja. Faida za kazi hiyo hazina haja ya kutetewa. Pasipo tahajia moja kusingekuwa na gazeti linalosomeka Kitai na Kisumu kwa pamoja. Lakini pamoja na tahajia Kamati ilikuja na utaratibu mpya kabisa katika historia ya utunzi wa Kiswahili. Mswada wa kitabu cha shule ulipelekwa kwake, ukasomwa, ukasahihishwa, na ukikubaliwa ukachapwa pamoja na tamko kwamba lugha yake imeidhinishwa. Hadi katikati ya miaka ya 1940 Kamati hiyo haikuwa na wajumbe Waafrika. Mfano wa nathari bora uliowekwa mbele ya wanafunzi ulikuwa, kwa sehemu kubwa, tafsiri za hadithi za Kiingereza, kama vile *Mashimo ya Mfalme Sulemani*, zilizofanywa na Wazungu wataalamu wa lugha.

Tofauti ya mambo hayo mawili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Mtunzi wa tenzi aliomba masahihisho baada ya kazi kwisha, kutoka kwa watu waliokuwa wasikilizaji wake. Mwandishi wa miaka ya 1930 alisahihishwa kabla kazi haijatoka, na mtu ambaye hakuwa msikilizaji wake. Shaka ikahama kutoka kwenye tamati ikaenda kwenye sentensi ya kwanza.

Hali hiyo haikuwaonea watu wa bara peke yao, na ni kosa kuisimulia kama ugomvi wa pwani na bara. Mombasa, mji wa Muyaka bin Haji, uliamka baada ya 1928 na kukuta lahaja ya washairi wake si sanifu. Abdilatif Abdalla alipoitoa *Sauti ya Dhiki* mwaka 1973, diwani aliyoitunga gerezani kati ya 1969 na 1972, alikuwa bado anatunga kwa Kimvita, na uamuzi huo ulikuwa na maana. Ila mtu wa Mombasa alikuwa na pa kuegemea: karne kadhaa za ushairi nyuma yake. Mtu wa Kitai alipoambiwa kwamba Kiswahili chake si sanifu hakuwa na lahaja ya kuitetea. Alichokuwa nacho ni lugha nyingine kabisa.

Historia ya Kiswahili katika nchi hiyo ya kusini inahitaji kutajwa walau kwa ufupi. Misafara ya biashara, ikiwamo ile ya kikatili ya watumwa, ilikuwa imekwisha kukifikisha ziwani kabla ya Wajerumani. Wabenediktini walifika Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera, si mbali na Kitai, mwaka 1899, na shule zao zikakichukua Kiswahili kuwa chombo cha kufundishia. Wangoni, waliokuwa watawala, walikuwa wenyewe wamekwisha kuonja upotevu wa lugha: ile iliyotoka kusini na mababu zao katika karne ya 19 ilififia kwa vizazi vichache, na kinachoitwa Kingoni leo Ruvuma ni lugha ya wenyeji waliomezwa na utawala huo, nayo ikawameza watawala. Mtu angetarajia kwamba nchi yenye kumbukumbu ya namna hiyo ingekuwa nyepesi kukubali kuwa lugha hubadili wenyewe. Haikuwa hivyo darasani. Kiswahili kiliingia Mbinga kikiwa lugha ya kitabu, ya padri, ya karani wa boma, na mtoto alijifunza mapema kwamba ni lugha ya kusomewa zaidi kuliko ya kujisemea.

Hata hivyo kitabu kimoja cha nathari miongoni mwa vya mwanzo kabisa kutungwa na Mwafrika kwa Kiswahili kina asili yake upande huo. James Mbotela, mwandishi wa *Uhuru wa Watumwa* kilichotoka mwaka 1934, alikuwa mtoto wa Frere Town, makazi ya watumwa waliokombolewa karibu na Mombasa. Baba yake alikuwa Myao, aliyetekwa utotoni katika nchi za upande wa Ziwa Nyasa. Wahakiki wa baadaye wamemlaumu Mbotela kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi, na lawama hiyo ina msingi. Lakini kwa suala linalojadiliwa hapa jambo la kutazama ni jingine. Huyu ni mtu ambaye, kwa vipimo vya waungwana wa pwani, hakuwa na haki yoyote katika Kiswahili: mjukuu wa watu wa bara walioletwa pwani kwa minyororo. Aliandika hata hivyo, na njia aliyoitumia ni ya kusimulia yaliyowapata wazee wake kama walivyoyasimulia. Hakudai ufundi. Alidai kumbukumbu. Dai hilo hakuna kamati iliyoweza kumsahihishia.

Njia ya pili ilikuwa gazeti. *Mambo Leo*, lililoanzishwa na serikali ya Tanganyika mwaka 1923, lilikuwa gazeti la mkoloni katika mengi, ila ukurasa wake wa mashairi ulikuwa baraza halisi. Karani wa posta, mwalimu wa misheni na mfanyabiashara walitungiana humo, wakaulizana, wakajibizana, wakakosoana vina hadharani. Kujibizana ni dawa kongwe ya shaka, kwa sababu anayejibiwa amekwisha kutambuliwa kuwa mshairi, hata kama jibu lenyewe ni la kumcheka. Yamkini hakuna taasisi iliyowafanya watu wengi wa bara wajione watunzi kuliko ukurasa huo.

Humo ndimo alimopitia Shaaban Robert, na habari zake zinastahili kukaliwa kidogo, maana sifa alizopewa baada ya kufa zimeficha mengi. Alizaliwa Vibambani, Tanga, tarehe 1 Januari 1909, wa ukoo utajwao kuwa wa Wayao, watu wa kusini. Alisoma Msimbazi, Dar es Salaam, kuanzia 1922 hadi 1926, kisha akawa karani wa serikali ya kikoloni kwa sehemu kubwa ya umri wake. Hakuwa na shahada wala nafasi ya kuishi kwa kalamu. Aliandika usiku baada ya kazi. Barua alizomwandikia nduguye Yusuf Ulenge kati ya 1931 na 1958, ambazo Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilizichapisha mwaka 2002, ni hati yenye thamani kuliko wasifu wowote. Humo hakuna mnara wa fasihi. Yumo mtu mwenye ndugu, ofisi na mashaka ya maisha, na mwenye msomaji mmoja wa hakika. Mtunzi anaweza kukosa mchapishaji kwa miaka. Akikosa hata msomaji mmoja, hali huwa nyingine.

Miswada yake nayo inasema. *Kufikirika* ilikamilika mwaka 1946 na haikuchapishwa hadi baada ya kifo chake cha tarehe 20 Juni 1962, ikiwa imepita miaka zaidi ya ishirini tangu kuandikwa. *Utenzi wa Vita vya Uhuru* na *Utubora Mkulima* navyo havikumkuta hai. Pamoja na hayo, alipeleka kazi zake kokote zilikoweza kupokelewa: *Pambo la Lugha* lilitoka mwaka 1947 katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini. Mtu ambaye miswada yake imelala kabatini kwa muda wa namna hiyo ana kila sababu ya kusadiki kwamba haifai. Alichofanya Shaaban Robert ni kuanza mwingine. Si jambo la ushujaa kama linavyosimuliwa kwenye hotuba za kumbukumbu. Lilikuwa zoea la karani, anayejua kwamba jalada lililokwama meza ya juu halizuii jalada la pili kufunguliwa. Mazoea ya kazi yamewaokoa watunzi wengi zaidi kuliko imani yao juu ya vipawa vyao.

Baada ya uhuru shaka ya bara ilipata jina na ikagombewa wazi. Kiini cha ugomvi kilikuwa vina na mizani. Sheria za ushairi zilizokuwa zikitumika kama fimbo katika ugomvi huo zilikuwa zimeandikwa katika kitabu cha K. Amri Abedi, *Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri*, kilichotoka mwaka 1954. Wengi waliokitumia kuwakemea washairi wa bara walisahau, au hawakutaka kukumbuka, kwamba Amri Abedi alizaliwa Ujiji, kando ya Ziwa Tanganyika. Huko huko alizaliwa Saadan Kandoro. Naye Mathias Mnyampala, aliyezieneza ngonjera nchi nzima, alikuwa Mgogo wa Dodoma. Ni kweli kwamba Ujiji ulikuwa mji wa Waswahili tangu enzi za misafara, na si haki kuulinganisha na Kitai moja kwa moja. Lakini hoja inabaki: miongoni mwa walinzi wakuu wa lango la pwani walikuwamo watu wa bara waliojifunza kanuni hizo kwa bidii, pengine kwa bidii iliyozidi ya wenyewe, kama ilivyo kawaida ya mtu ambaye haki yake ya kuwapo inaweza kuulizwa wakati wowote. Ukali wa mgeni aliyekubaliwa ni aina mojawapo ya shaka.

Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi, Mkerewe, aliitoa *Kichomi*, diwani ya mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Kelele zilizofuata zinajulikana, J. M. M. Mayoka aliupa ugomvi huo jina katika kitabu chake cha mwaka 1984, *Mgogoro wa Ushairi*. Shutuma iliyorudiwa mara nyingi ni kwamba wanaotunga hivyo wameshindwa kutunga kwa kanuni. Ni shutuma ya busara kwa namna yake, kwa kuwa inagusa pale panapouma: inamwambia mtunzi kwamba uamuzi wake ni udhaifu wake. Wenzake wawili kutoka Kagera, M. M. Mulokozi na K. K. Kahigi, walijibu mwaka 1976 kwa jina la kitabu kabla ya hata shairi moja kusomwa. Walikiita *Malenga wa Bara*. Miaka mitano kabla yake Ahmad Nassir alikuwa ametoa *Malenga wa Mvita*. Mtu wa Mvita kujiita malenga hakukuwa na ubishi wowote. Neno hilo kuliunganisha na bara kulikuwa hoja nzima. Kezilahabi kwa upande wake, mwaka huohuo wa 1976, alikamilisha tasnifu ya uzamili Chuo Kikuu cha Dar es Salaam juu ya riwaya za Shaaban Robert. Anayedhani kwamba alizivunja kanuni kwa kutozijua atafakari jambo hilo.

Hapa isimu ina neno lake, nalo halijasemwa vya kutosha katika mgogoro ule uliojishughulisha mno na mizani. Shaka ya mtunzi wa bara hukaa katika viambishi. Mtoto wa Kitai akiandika "kanyumba" au "tutoto", mwalimu hulizungushia neno wino mwekundu, kwa kuwa sanifu inataka "kijumba" na "vitoto". Akiandika "anasemaga", wino huongezeka. Kiambishi cha udogo *ka-* pamoja na wingi wake *tu-* kimo katika lugha nyingi sana za Kibantu za bara. Ni Kiswahili cha pwani kilichokipoteza na kukabidhi kazi yake kwa ngeli ya *ki-*. Kiambishi cha mazoea *-ag-* nacho kina mizizi mirefu katika lugha za bara. Aliyeyatumia maumbo hayo hakukosea kwa kutojua sarufi; alitumia sarufi kongwe zaidi. Leo *ka-* inasikika Dar es Salaam, redioni na katika riwaya, mara nyingi ikiwa na chumvi ya dharau au mapenzi ambayo *ki-* haiwezi kuibeba. Wino ule mwekundu, kumbe, ulikuwa ukifuta mojawapo ya vitu vichache ambavyo mtunzi wa bara aliviongeza katika lugha. Hakuna anayesema mwalimu aliache kila neno. Mtihani una kanuni zake. Lakini mwanafunzi hakuelezwa tofauti kati ya kosa na lahaja, akatoka darasani akiamini kwamba kila kilichotoka kwao ni kosa.

Kazi inayogusa jambo hili kwa kina kuliko zote, na inayogusa pia ardhi ya Ruvuma, ni tamthilia ya Ebrahim Hussein, *Kinjeketile*, ya mwaka 1969. Imesomwa mashuleni kwa miaka mingi kama tamthilia ya historia ya Vita vya Majimaji, na wanafunzi wa Songea na Mbinga wana sababu ya kuisoma hivyo. Maji yalifika Ungoni. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga viongozi wa Wangoni mjini Songea, na siku hiyo huadhimishwa huko hadi leo. Lakini Hussein alikuwa mwangalifu kubainisha kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe wa ubunifu, si yule mtu wa Ngarambe aliyenyongwa Mohoro mwaka 1905. Alijipa uhuru, na uhuru huo aliutumia kumweka jukwaani mtu aliyetoa neno, watu wakalipokea, kisha yeye mwenyewe akaanza kulishuku. Kinjeketile anaona neno lake limekua na kumpita, haliwezi tena kurudishwa kinywani, na watu watakufa kwalo. Wafuasi wake hawana shaka hata kidogo. Mwenye shaka ni mtunzi wa neno.

Hiyo ni tafsiri ya siasa, ndivyo ilivyofundishwa. Ni tafsiri ya utunzi vilevile. Mwandishi aliyekuwa na umri wa miaka isiyotimia thelathini, katika nchi iliyokuwa ikiwataka wasanii wake wahubiri kwa uhakika, aliichukua shaka na kuifanya mhusika mkuu. Kwa njia hiyo hakuishinda wala haikumshinda. Tamthilia yake iliyofuata, *Mashetani* ya mwaka 1971, ilikuwa ngumu zaidi, na baada ya *Kwenye Ukingo wa Thim* ya mwaka 1988 kalamu yake ikawa kimya kwa muda mrefu. Sababu za ukimya huo zimekisiwa na wengi. Makisio hayana nafasi hapa. Kinachoweza kusemwa ni kwamba ukimya wa mtunzi aliyekwisha kusema si sawa na ukimya wa yule ambaye hakuthubutu kuanza.

Ukimya huo wa pili ndio unaoihusu Kitai. Tangu Azimio la Arusha la mwaka 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia ya shule za msingi Tanzania, na BAKITA, iliyoundwa mwaka huohuo, imekuwa ikitoa ithibati ya lugha kwa vitabu. Wajumbe ni Watanzania, na lengo ni jema. Ila mtunzi wa hadithi anayeuwazia mswada wake kwanza kama kitu cha kuthibitishwa bado anaandika kwa desturi ya 1930. Mashindano yamesaidia zaidi. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati na Cornell, iliyoanza katikati ya miaka ya 2010, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyozinduliwa mwaka 2022 chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, zimempa mtu asiyejulikana mahali pa kupeleka mswada. Thamani ya mashindano hayo kwa wengi wanaoshiriki haiko katika fedha, ambazo wengi hawatazipata. Iko katika tarehe ya mwisho ya kupokea miswada, maana shaka haina tarehe ya mwisho na ndiyo nguvu yake.

Upungufu uliobaki ni wa wasomaji wa karibu. *Mambo Leo* halipo. Kijana aliyeko Kitai anaweza kutuma shairi lake likasomwa na watu elfu asiowajua kwenye simu, asipate hata mmoja wa kumjibu kwa beti nne zenye vina vyake. Baraza la kujibizana, ambalo karani wa 1935 alilipata kwa bei ya gazeti, linabidi lijengwe upya na vyama vya mashuleni, na walimu ndio watakaoamua kama litakuwa baraza au mtihani mwingine.

Mfano wa mwisho unatoka Mbinga kwenyewe. Joseph Mbele, mzaliwa wa nchi ya Wamatengo, aliyefundisha fasihi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kabla ya kwenda kufundisha Marekani, alizikusanya hadithi za watu wake kutoka vinywani mwa wasimulizi. Ndani yake wamo sungura na mazimwi, wamo watoto walioachwa na wake wenza, vitu ambavyo bibi wa Kimatengo huvisimulia bila kuomba radhi kwa mtu yeyote kuhusu sarufi yake, kwa kuwa msimulizi wa jikoni anajua wasikilizaji wake ni nani na lugha ni ya nani. Mwaka 1999 hadithi hizo zikatoka kitabuni, huko Marekani, kwa jina la *Matengo Folktales*. Kitabu hicho kimefanya kazi kubwa ya kuzihifadhi na kuzifafanua. Mwanafunzi wa Kitai aliyetaka kuzisoma humo hadithi za bibi yake ilimbidi azisome kwa Kiingereza.